Uso Uliotangulia Jeneza

Makambako,
16 Machi 2025

Mpendwa Fidelia,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si bamdogo, si mama, na hata kwenye sala nalipita pembeni. Tarehe 27 Februari, kule Uwemba, alizikwa mama mmoja aitwaye Oktavia, na picha iliyotangulia jeneza lake ilikuwa ya mtu mwingine. Picha ile niliitengeneza mimi. Na huyo mtu mwingine yu hai. Alhamisi iliyopita alikaa mbele yangu kwenye stuli ya studio akaniambia nisimkate kichwa.

Nianze mwanzo ili unielewe. Tangu Januari naishi hapa kwa bamdogo Danford, mdogo wake baba, najifunza kazi ya picha. Siku moja kabla ya maziko yale bamdogo alikuwa Ludewa kwenye kipaimara, akaniachia studio peke yangu. Saa kumi jioni akaingia mteja wetu, mzee Tarsis, yule anayeuza mbao. Mama yake alikuwa amefariki, maziko kesho yake saa nne, na hakukuwa na picha ya kutanguliza. Huku unajua ilivyo, jeneza lisilo na picha mbele watu wanaliulizia. Alikuwa na picha moja tu ya zamani ya akina mama wa parokia, kama ishirini, wamesimama mbele ya kanisa, wote kitenge kimoja, wote kilemba cheupe. Akasema, "Huyu hapa," akaweka kidole gumba.

Fidelia, kidole cha mtu wa mbao ni kipana. Kilifunika nyuso mbili. Nilitakiwa kusema neno moja tu, "Yupi, mzee?" Lakini alikuwa analia, mtu mzima yule, na mimi unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa najua jibu darasani nikaendelea kutazama dawati. Nikasema, "Sawa." Alipotoka nikachagua uso ulioonekana vizuri zaidi, wa mama aliyekuwa anacheka. Nikauondoa kwenye kundi, nikaukuza, nikasafisha mikunjo, nikafuta na kovu dogo lililokuwa juu ya jicho la kushoto. Ikatoka picha nzuri mno. Tarsis alipokuja kuichukua alfajiri ilikuwa imeshafungwa kwenye karatasi.

Sasa Alhamisi amemleta mama yake mdogo, bibi Lidia, mdogo wake marehemu, apigwe paspoti saizi ya bima. Nilipomtazama kwenye kamera nikaliona kovu lile. Juu ya jicho la kushoto. Nikaendelea kutazama bila kubonyeza. Yule bibi akasema, "Binti, unanipiga picha au unanihesabu kope?"

Wamefanana, ni ndugu wa tumbo moja, na mimi nilimfanya awe kijana. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyesema kitu. Nifanye nini? Kwa kuwa huko utawani hamruhusiwi simu, barua hii nampa dereva wa basi la Ludewa. Ukishaisoma ichome.

Wako,
Rejoice

*

Lugarawa,
30 Machi 2025

Wewe Rejoice,

Nilisoma mistari mitatu ya kwanza nikakaa chini. Nilidhani umeua. Sista mlezi akaniuliza, "Kuna msiba kwenu?" nikajibu, "Ndiyo, sista, ni wa mbali kidogo." Kwa hiyo umeshanitia dhambini na bado sijavaa hata shela.

Nyie Walutheri hamna kile kiti cha kuungamia, ndiyo maana unakuja kuniungamia mimi ninayemenya viazi jikoni. Haya, nimekusikia. Malipizi yako ni haya: kaa kimya.

Usikunje uso. Nimefikiri wakati wa kufua, na kufua kwa huku kunatosha kufikiri mambo mengi, maji ni ya baridi mpaka vidole vinasahau jina. Marehemu amezikwa kwa heshima. Watoto wameona picha nzuri. Bibi Lidia mwenyewe hajasema neno, maana yake macho yake ya kizee hayakuona. Nani ameumia? Hakuna. Ukisema, utamliza Tarsis mara ya pili, bamdogo wako ataharibikiwa jina, nawe utarudishwa kwenu Matembwe. Picha ya msiba watu wanaiangalia siku moja, halafu inakwenda juu ya kabati.

Ila usiwe unaogopa watu hivyo. Wateja hawang'ati.

Barua sikuichoma. Jikoni kuna watu muda wote. Nimeishonea ndani ya mto.

Rafiki yako,
Fidelia (bado si sista)

*

Makambako,
4 Mei 2025

Mpendwa Fidelia,

Nilikaa kimya kama ulivyosema. Mwezi mzima. Picha haikwenda juu ya kabati.

Jumanne mzee Tarsis amekuja akiwa na furaha. Alimpiga bamdogo makofi ya bega akasema, "Danford, huyu binti yako ana mkono! Mama hakuwahi kupendeza vile." Kisha akaagiza nakala sita, kila mtoto wa marehemu apate ya ukutani. Bamdogo akanitazama kwa fahari, mimi nikatazama viatu vyangu.

Hiyo si mbaya zaidi. Tarehe 2 Agosti wanakwenda kujengea kaburi, na wamepata fundi Njombe anayechoma picha kwenye kigae. Kigae kikishatoka kwenye moto hakifutiki, si kwa mvua wala jua, na kitakaa juu ya kaburi miaka na miaka. Fundi anataka picha ifike kwake kabla ya nusu ya Juni.

Halafu Tarsis akasema jambo ambalo halinitoki. Ana mtoto wa miaka mitatu. Alisema, "Kila asubuhi anasimama chini ya ile picha ananyoosha mkono, anaisalimia, 'Kamwene, bibi.'"

Fidelia, yule mtoto atakua akiujua uso ambao si wa bibi yake. Na uso wa bibi yake halisi, ule uliofunikwa na kidole pamoja na huu, hakuna atakayeukumbuka watu wazima wakishazeeka. Nimeufuta mimi. Uliuliza nani ameumia. Nadhani ni huyo aliyelala Uwemba.

Bamdogo ananipa sasa kazi nyingine kubwa, harusi ya Jumamosi. Kila akinisifu najifanya natafuta kifuniko cha lenzi. Ninajua la kufanya, ila sijui nianzeje. Niandikie haraka.

Rejoice

*

Lugarawa,
18 Mei 2025

Rejoice,

Futa ushauri wangu.

Sikukuambia kitu kwenye barua ya kwanza. Wiki ile ile mimi nilitia chumvi mara mbili kwenye uji wa masista. Akalaumiwa Jasmine, msichana mwenzangu wa zamu, akapewa kusugua masufuria ya wiki nzima. Mimi nikakaa kimya. Kwa hiyo nilipokuandikia "kaa kimya" nilikuwa najitafutia mwenzangu wa kukaa naye.

Jana nimemwendea sista mlezi nikasema. Akasema, "Nilikuwa nasubiri." Sasa masufuria ni yangu mpaka Juni, na Jasmine ananiimbia nikisugua, hana huruma kabisa. Lakini nalala, Rejoice. Nalala kama gogo.

Sema. Ukishindwa kuanza, anza na lile neno ulilolikosa siku ile: "Yupi, mzee?"

F.

*

Makambako,
1 Juni 2025

Mpendwa Fidelia,

Nimesema.

Nilimwambia bamdogo kwanza, tukiwa tunakunja pazia la buluu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akaomba aione ile picha ya kundi, akaitazama na miwani na bila miwani. Kisha akasema, "Kwa nini hukunipigia simu?" Nikasema niliogopa kumsumbua kazini. Akasema, "Rejoice, mtu anayeogopa kuuliza hawezi kazi hii. Kamera haitoshi. Unatakiwa kumgeuza mtu kidevu, kumwambia mzee wa watu afunge kifungo, kumuuliza mfiwa mara mbili. Kesho tunakwenda kwa Tarsis. Utaongea wewe. Mimi nitakaa pembeni."

Tukamkuta kwenye mbao zake. Upepo wa Makambako ulikuwa unapeperusha vumbi la mbao mpaka nikashukuru, kwa sababu macho yangu yalikuwa na sababu ya kutoka machozi. Nilimwekea ile picha mbele nikasema, "Mzee, siku ile niliogopa kukuuliza. Naomba unionyeshe tena. Yupi ni mama?"

Akacheka. "Binti, si huyu..." Kidole chake kikasimama hewani. Hakikushuka. Alitazama uso ule, akatazama wa jirani yake, ambao nusu yake imekatwa na kilemba cha aliyesimama mbele. Kisha akanitazama mimi. Akaondoka akaenda nyuma ya rundo la mbao, tukamsubiri pale tumekaa juu ya magogo karibu saa nzima. Bamdogo alinishika mkono kama nilipokuwa mdogo.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Niliiona, unajua? Pale kanisani nikajisemea, mbona mama anacheka? Mama hakuwa mtu wa kucheka mbele ya kamera. Nikadhani ni machozi yangu. Sasa hivi nimewapigia dada zangu simu, kumbe na wao kila mmoja alijisemea hivyo hivyo, akamwogopa mwenzake." Halafu akawaka. Alinisema sana, Fidelia, siwezi kuandika yote. Alisema nimemvalisha mama yake uso wa kuazima mbele ya ukoo mzima. Ni kweli, sikujitetea.

Mwisho akasema kigae kisimame kwanza. Na akatuapisha jambo moja: mama mdogo Lidia asijue kabisa. Ana presha. "Akisikia kwamba alibebwa mbele ya jeneza naye yu hai, tutarudi makaburini wiki hii hii."

Kwa hiyo sasa hakuna kigae, na picha nyingine ya marehemu ni ile ndogo ya kadi ya mpiga kura, imefifia kama kivuli. Bamdogo hajanifukuza. Ila amenyamaza, nami kunyamaza kwake nakuogopa kuliko matusi ya Tarsis.

Rejoice

*

Uwemba,
12 Juni 2025

Kwako mjukuu Rejoice, fundi wa picha,

Ni mimi Lidia, yule wa bima. Naandika kwa mkono wangu, usicheke herufi, niliishia darasa la nne na miaka imepita mingi. Simu ipo hapa ndani lakini mimi nikiongea kwenye simu nasikika mpaka kwa jirani, na haya si ya jirani.

Tarsis amekuja kusema kigae kimechelewa kwa sababu fundi anaumwa. Tarsis tangu mtoto akidanganya anajikuna shingo. Juzi amejikuna mpaka nikamwonea huruma. Basi nikajua yule binti mwoga wa studio amesema.

Mwanangu, niliiona picha ile tangu mlangoni mwa kanisa. Utashindwaje kujiona? Nilijiona natangulia na kitenge cha mwaka ule, mwaka nilioanguka na kuni nikaumia juu ya jicho, ila kovu hamna. Nikajisemea, Lidia, umekufa lini? Kisha nikakumbuka dada yangu yuko ndani ya sanduku, mimi niko nje, nikarudi akili.

Tarsis nitamwambia kwamba nilinyamaza kwa kuwahurumia. Wewe nakuambia kweli, kwa sababu na wewe ulinyamazia kitu ukakitoa. Mimi sikuzaa. Nimekuwa nikijiuliza siku yangu nani atabeba picha, na nani atalia. Siku ile nikaona nabebwa. Nikaona watoto wazima sita wanalia wakinitazama mimi. Mjukuu wangu, nilipenda. Dada yangu hata udongo hajafunikwa, nami nimesimama pale napenda kuliliwa. Nimebeba hilo toka Februari na ndilo linalonipandisha presha, si jingine. Hilo libaki letu wawili.

Sasa acheni kuniogopea. Jumatatu nakuja huko na basi la asubuhi. Oktavia alikuwa na uso wake, na mimi nimelala naye kitanda kimoja mpaka alipoolewa. Naukumbuka wote. Washa hiyo mashine yako unisubiri.

Bibi yako,
Lidia

*

Makambako,
5 Agosti 2025

Mpendwa Fidelia,

Samahani kwa kimya changu. Nilikuwa na kazi, na kwa mara ya kwanza nasema hivyo bila kujificha nyuma yake.

Bibi Lidia alijua tangu siku ya maziko. Aliniandikia barua. Yaliyomo sitakuambia hata ukinuna, ila alimwendea Tarsis mwenyewe akamwambia, "Mimi ndiye niliyebebwa na sijafa, kwa hiyo acha kujikuna shingo." Tarsis alikaa chini pale pale kwenye vumbi la mbao. Kisha akaanza kucheka na kulia pamoja.

Baada ya hapo bibi alikuja studio siku nne. Nilikuza ile nusu ya uso kutoka kwenye picha ya kundi, nikachukua nusu nyingine kutoka kwenye kadi ya mpiga kura, na yeye alikaa kando yangu kwenye kompyuta amejifunika shuka la baridi, ananifokea. "Pua hiyo si yake, hiyo ni ya baba mkwe." "Shavu punguza, alikuwa mchapakazi, hakuwa na muda wa mashavu." "Mdomo ufunge. Alikuwa fundi cherehani, muda wote ameshika pini kwa midomo, hata kanisani alikaa hivyo." Siku ya kwanza kila nilichogusa kilikuwa kosa. Ajabu ni kwamba nilikuwa namuuliza kila kitu. Nyusi hivi? Au hivi? Nionyeshe tena, bibi. Niliuliza mpaka akasema, "Kumbe una mdomo! Danford aliniambia ni bubu." Bamdogo alikuwa anapiga paspoti nyuma ya pazia, nikamsikia anacheka. Hapo ndipo kimya chake kilipoisha.

Siku ya nne, saa sita mchana, nikashusha kope kidogo tu. Bibi akaweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta, akasema kitu kwa Kibena kwa sauti ya chini sana, na sikuomba akirudie ingawa sikukisikia vizuri. Kisha akasema, "Usiguse tena."

Tarsis tulimwonyesha bila kumwambia chochote. Alivua kofia.

Jumamosi wamejengea kaburi, nami nilikwenda na bamdogo kupiga picha. Ukungu ulikuwa mzito mpaka saa nne, padri akibariki tunamsikia kabla ya kumwona. Kigae kilipofunuliwa hakuna aliyesema "amependeza". Dada mkubwa wa Tarsis alisema tu, "Ndiye," na mwingine akasema, "Ndiye, anataka kutuuliza nani ameacha mlango wazi." Wakacheka wote, pale makaburini. Yule mtoto wa miaka mitatu alikitazama kigae muda mrefu kwa mashaka, akamgeukia bibi Lidia akamsalimia yeye. Itabidi wamfundishe taratibu.

Wakati wa kula makande shangazi mmoja mtani akasema, "Mama mdogo Lidia, wewe siku yako tutapumzika, tumeshakulilia tayari." Bibi akajibu na kijiko mdomoni, "Yale machozi mliyamwaga bila kuuliza. Yangu mtaanza upya, na mtalia kwa sauti." Tarsis akasema, "Tutaanza upya, mama." Alisema "mama", hakuongeza "mdogo". Nilimwona bibi anavyotazama sahani yake, nikashusha kamera.

Bamdogo amesema kuanzia mwezi huu wateja wa asubuhi ni wangu. Leo nimemwambia mzee mmoja mkali afunge kifungo cha shati. Alifunga. Mbona hukuwahi kuniambia ni rahisi hivyo? Najua, uliniambia.

Sasa nina jambo la mwisho. Jana bibi Lidia alikuja tena, peke yake, amevaa gauni la zambarau na viatu vya Jumapili. Akafunga mlango wa studio mwenyewe. Akasema anataka picha kubwa, ya siku yake, apigwe akiwa na macho yake na akili zake, achague mwenyewe, asije akabahatishwa na kidole cha mtu. Nilimpiga kama thelathini. Alichagua moja ambayo amecheka mpaka pengo linaonekana. Nikamuuliza mara mbili, "Hii, bibi? Una hakika?" Akasema, "Hiyo. Nataka watakaobeba wajue wamembeba nani."

Nimeisafisha, nimeiweka kwenye fremu, na iko ndani ya kabati chini ya mapazia ya zamani. Tarsis akijua atasema bibi anajiitia kifo, atakuja kuichukua na kuificha, au ataanza kumchunga kama yai. Bibi hajiitii chochote. Wakati anatoka alikuwa anauliza bei ya mbegu za viazi za msimu ujao.

Hata bamdogo hajui. Nimekuambia wewe kwa sababu siku hiyo ikija huenda mimi sipo, na lazima awepo mtu mwingine anayejua kabati lipi. Tafadhali, Fidelia, usimwambie Jasmine, usimwambie sista mlezi hata akikuuliza kuna nini. Hii usiishonee kwenye mto. Isome tena mara moja, ujue ilipo, halafu unyamaze.

Rafiki yako,
Rejoice